Saa ya Dar, Saa ya Ziwa

Jua la Bangwe haliendi na saa ya Dar es Salaam, na jambo hili hudhihirika zaidi mwezi wa Ramadhani. Redio zinazotangaza kutoka Dar huadhini magharibi, mtangazaji akawatakia wasikilizaji futari njema, ilhali hapa Bangwe, kwenye rasi iliyoko kusini mwa ghuba ya Kigoma, jua bado linawaka juu ya ziwa upande wa milima ya Kongo. Mtoto aliyefunga kwa mara ya kwanza humgeukia bibi yake. "Bibi, wenzetu wameshafuturu!" Bibi wala hashtuki. "Hao wako Dar, baba. Wewe tazama ziwa."

Kutazama ziwa ni kazi ya karibu dakika 40. Ramadhani ikiangukia mwezi Machi, Dar hufuturu kama saa 12 na nusu, Bangwe hufuturu saa 1 imeshapita. Hesabu yake si ngumu, msikilizaji. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne za jua, na kati ya Dar na Kigoma kuna nyuzi tisa na ushei. Nchi nzima inatumia saa moja, nayo ni saa inayowafaa watu wa pwani. Ukivuka ziwa kwenda Uvira au Kalemie, ama ukipanda kaskazini kuingia Burundi, unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima, na hapo ndipo jua la Kigoma linapokuwa utosini saa sita mchana kama vitabu vya shule vinavyosema. Kwa jua, Kigoma ni mwenzao wa ng'ambo. Kwa sheria, bajeti na taarifa ya habari, ni wa Dar na Dodoma.

Hakuna anayeandamana kwa ajili ya dakika 40. Ila anayetaka kuwaelewa watu wa ufukwe huu aanzie hapo: ni watu wanaoishi kwa saa mbili, na kazi yao kubwa ya kila siku ni kusubiri moja iifikie nyingine.

Chukua hili jina la "mwisho wa reli". Bila shaka lilitungwa na mtu aliyepandia treni Dar. Reli ya Kati, kilomita 1,252, ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa anayetoka Baraka au Kalemie na mzigo wake wa biashara, reli inaanzia hapa na kwenda kuishia baharini. Lakini jina limeshika, na kwa miaka mingi maisha yalilithibitisha. Gazeti lilikuja kwa treni, habari zikiwa zimelala njiani, likasomwa kwa hamu ileile, likazungushwa nyumba tatu nne, kisha likafungia dagaa. Redio ndiyo iliyokuwa gazeti la siku hiyohiyo. Redio Tanzania ilikuwa na kipindi chake mashuhuri, Mazungumzo Baada ya Habari, na wazee wa Ujiji walikisikiliza vibarazani kama watu walioitwa mkutanoni.

Kilichokuwa na nguvu kuliko hotuba, hata hivyo, ni matangazo ya vifo. Familia nyingi za Wamanyema wa Ujiji zina ndugu Kariakoo na Ilala. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, akataja wanaojulishwa popote walipo, akasema mazishi ni leo saa kumi jioni. Treni ingemchukua mtu siku mbili. Basi msiba ulikaliwa hukuhuku, turubai likafungwa Ujiji kwa maiti anayezikwa Dar, na mama mzazi akapewa pole bila kuliona kaburi la mwanawe. Simu za mkononi zimebadilisha mengi, lakini hili zimelibadilisha nusu tu: habari inafika kwa dakika, mwili wa mtu bado unahitaji nauli.

Waliokuja kuiandika Kigoma nao walisubirishwa. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakahangaika kupata chombo cha kuwazungusha ziwani. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema mwaka 1871, mgonjwa, akakuta mali yake aliyotumiwa kutoka pwani imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Akakaa, hana la kufanya, mpaka Stanley alipotokea. Dunia inakumbuka salamu walizopeana. Ile hali ya mtu kufika pwani ya ziwa, mzigo wake haupo, na hajui chombo kingine kitakuja lini, ndiyo Kigoma hasa, na abiria yeyote aliyewahi kukesha bandarini akiingoja meli anaijua bila kusoma kitabu.

Julai 1960 ilikuwa zamu ya Jane Goodall. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, machafuko yakafuata, na Wabelgiji walikuwa wakivuka ziwa kukimbilia Kigoma. Goodall alikuja kuwachunguza sokwe wa Gombe. Kabla ya kumwona hata mmoja, yeye na mama yake, Vanne, walijikuta wakisaidia kupaka na kukunja vipande vya mkate vyenye nyama ya kopo, vipatavyo 2,000, kwa ajili ya wakimbizi hao. Ni vizuri kukumbuka kwamba wakimbizi wa ziwa hili hawakuwa Waafrika peke yao. Tangu hapo Kigoma imewapokea Warundi wa mwaka 1972, Wakongo wa mwaka 1996, na Warundi wa mwaka 2015 waliojazana kijiji cha Kagunga, mpakani, mpaka meli ya MV Liemba ikawachukua kwa awamu kuwaleta mjini, wakalazwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Hao hawakukuta mkate wa nyama ya kopo.

Na Aprili 1965 alipita Che Guevara. Alivuka usiku kutoka Kigoma kwenda kupigana vita ya waasi wa Kongo, pamoja na Wakuba wenzake wachache, wakiwa wamejipa majina kwa hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke alikuwa Moja, Che mwenyewe Tatu. Novemba ya mwaka huohuo alirudi Kigoma ameshindwa. Kumbukumbu zake za vita hiyo, alizoziandika akiwa amejificha ubalozini kwao Dar es Salaam, ukiziondolea siasa zinabaki kuwa kitabu cha kusubiri: kumsubiri kiongozi wa waasi, Laurent Kabila, kusubiri boti, kusubiri amri. Mvuvi wa Katonga angemwambia mapema kwamba ziwa hili halina mwenye haraka.

Vitabu vyote hivyo viliandikiwa wasomaji wa kwingine. Walioandika kwa Kiswahili wapo, ila hawasomwi inavyostahili. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na Ujiji imo. Sleman bin Mwenyi Chande, mtu wa mrima, alieleza safari yake ya bara katika mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa Ujerumani mwaka 1901, akihesabu hongo na nguo kama mfanyabiashara alivyopaswa kuhesabu. Ni vitabu vyenye damu ndani yake, kwa sababu biashara yenyewe ilikuwa ya pembe na ya watu, na msomaji wa leo hana haja ya kuipamba. Lakini mwanafunzi wa Ujiji anayejua neno kwa neno alichokisema Stanley, na hajawahi kusikia kwamba kuna wasafiri waliopita njia hiyohiyo na kuiandika kwa lugha anayoizungumza nyumbani, amenyimwa kitu.

Stanley huyohuyo, tukubali, alikuwa na jicho. Aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona kwamba michikichi mitatu aliyoikumbuka sokoni mwaka 1871 sasa imesimama ndani ya maji, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Ziwa lilikuwa linapanda. Sababu ilikuwa ng'ambo: mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji ya ziwa kutoka kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa na udongo na magugu. Mwaka 1878 maji yalilibomoa lile zibo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa kiasi cha mita 10. Ndiyo maana mgeni anayefikishwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, chini ya miembe inayosemwa ni uzao wa ule mwembe wa asili, huuliza swali lilelile: ziwa liko wapi? Ziwa limehama. Mwaka 2020 na 2021 likarudi kudai sehemu ya uwanja wake, likaingia Kibirizi na mwambao mwingine wa Kigoma, likaingia nyumba na vibanda, upande wa Bujumbura na Uvira hali ikawa hivyohivyo. Ramani za viwanja zilichorwa miaka ya ziwa kuwa chini. Hii nayo ni habari ya saa mbili: saa ya ofisi ya ardhi, na saa ya maji ambayo mzunguko wake mmoja unaweza kumaliza maisha ya mtu.

Siasa za vyama Kigoma inazo, tena za moto. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994, mmoja wa mwanzo kabisa wa vyama vingi, ulimpa ushindi mgombea wa CCM, Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani, na matokeo yakabatilishwa mpaka Mahakama ya Rufani. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa katika kesi hiyo, ambayo wanafunzi wa sheria bado wanaisoma, ni matangazo ya Redio Tanzania wakati wa kampeni. Kwa hiyo redio ya Dar ilifika mahakamani kwa sababu ya Kigoma, jambo ambalo anayezungumza redioni hana budi kulikumbuka. Mwaka 2005 Zitto Kabwe akaingia bungeni kutoka Kigoma Kaskazini akiwa na miaka 29, na 2015 akaingia kwa Kigoma Mjini na chama chake kipya cha ACT-Wazalendo. Haya yanajulikana. Lakini siasa inayozungumzwa Bangwe kila siku, asubuhi na jioni, na watu ambao hawana kadi ya chama chochote, ni siasa ya mboga.

Mboga yenyewe kwanza. Mgebuka mbichi ni samaki mwembamba, mrefu, anayeng'aa. Mpishi anayejua kazi yake humchanja pembeni mishazari mitatu minne, akamkamulia ndimu, akamtia chumvi, kisha akambanika juu ya mkaa mpaka ngozi ikauke na kukunjamana kidogo, asiive mpaka ndani. Mawese yanayotiwa sufuriani asubuhi za Juni huwa yameganda, yachotwe kwa kijiko, yayeyuke taratibu mpaka jiko zima linukie. Kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, halafu samaki, halafu moto unapunguzwa na mtu anaacha kufunua funua. Ugali ni wa muhogo, unaovutika. Mtu wa Dar hutambulika kwa namna anavyouogopa: anaumega kwa ncha za vidole, unamfuata mpaka mdomoni. Wiki ambayo hakuna mgebuka kuna dagaa, na wiki ambayo hakuna dagaa kuna kisamvu na maharage ya mawese. Hakuna anayekufa. Ila kila mtu anajua ziwa limesemaje.

Ziwa husema kwa mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwanga huwakusanya, wavu huwapandisha. Mwezi ukikua na kuangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haimwiti mtu; mitumbwi huvutwa pwani kwa takriban wiki nzima, nyavu zikashonwa, vijana wakalala usiku kama watu wengine. Hiyo ndiyo likizo ya kila mwezi ambayo haikupitishwa na bunge lolote. Na maisha ya nyumbani yamejipanga kuifuata. Mama hununua dagaa wakavu wa akiba kabla ya mbalamwezi, na mwenye duka anayekopesha unga anajua kwamba atalipwa giza likirudi.

Sasa, tarehe 15 Mei 2024 serikali ililifunga ziwa upande wa Tanzania kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti. Haukuwa uamuzi wa mtu mmoja aliyeamka vibaya. Nchi nne zinazochangia ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zina mkataba wa pamoja uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na mamlaka yao yenye makao Bujumbura, na zilikubaliana kwamba samaki wapewe muda wa kuzaliana. Dagaa hawaishi miaka mingi. Ukiwaacha miezi michache wakazaa na vifaranga wakakua, tofauti inaweza kuonekana. Wavuvi wengi wenyewe walishasema kwamba nyavu zinapanda nyepesi kuliko zamani. Kwa hiyo anayesema zuio halina maana yoyote hasemi kweli.

Lakini tazama alivyokaa mama anayeanika dagaa. Biashara yake ni beseni. Alfajiri yuko mwaloni, anagombea dagaa wabichi bei ikiwa bado inasikilizana, anawamwaga kwenye chanja, au mchangani kama hana chanja, anawageuza, anafukuza kunguru, anaomba mvua isije. Jua zuri la siku moja likimkubalia, jioni ana mzigo wa kumpa dereva wa lori. Dagaa wa Kigoma wana heshima yao katika masoko ya Dar. Anayewajua hawachanganyi na wengine, na bei inasema hivyo. Mtaji wa beseni hilo mara nyingi ni mkopo: kikoba cha mtaani kama ana bahati, mikopo ile inayoitwa kausha damu kama hana. Marejesho ni ya kila wiki. Ziwa linafungwa kwa tangazo. Marejesho hayafungwi.

Mbalamwezi anaimudu kwa sababu ni wiki moja na anaiona inakuja. Miezi mitatu ni hesabu nyingine kabisa. Inaanza Mei, inapita likizo ya Juni, inakutana na Julai shule zikifunguliwa, wanaokwenda kidato cha tano wakihitaji godoro, ndoo, sare na nauli. Mwenye mitumbwi na injini ana kitu cha kuuza au kuweka rehani. Kijana wa kuvuta wavu anaweza kwenda Uvinza au Kasulu kutafuta kibarua. Mama wa beseni ana watoto, ana mama mkwe anayeugua, na hana cha kuweka rehani isipokuwa jina lake. Hatajwi kama mvuvi, kwa sababu hapandi mtumbwi. Katika orodha nyingi za wadau wa uvuvi huwa pembeni, ingawa dagaa wote wanaofika Kariakoo wakiwa wakavu wamepita mikononi mwake au mwa mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wamelisema tangu mwaka 2003, nalo haliingii vizuri katika tangazo la kufunga na kufungua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na chakula cha samaki hutegemea virutubisho vinavyopandishwa kutoka chini wakati upepo wa kusini wa kiangazi unapoyasukuma maji. Utafiti uliochapishwa mwaka huo katika jarida la Nature, ukiongozwa na Catherine O'Reilly, ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, matabaka hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa kiasi cha asilimia 20. Watafiti hao walikadiria kwamba samaki nao wangepungua, pengine kwa asilimia 30. Nyavu haramu zinaweza kukamatwa na kuchomwa moto. Joto halikamatwi na doria. Kulipumzisha ziwa dhidi ya wavu ni sawa, mradi asiambiwe mama wa Bangwe kwamba samaki wakichelewa kurudi kosa ni la mumewe.

Kwa hiyo hukumu ya mazungumzo haya ni hii: kufunga ziwa kunaweza kuwa jambo jema, na namna ya kulifunga inaweza kuwa mbaya vilevile. Wataalamu wa uvuvi walioko Kigoma wanajua msimu wa kuzaliana, madiwani wanajua mapato ya halmashauri, na wenye mitumbwi wana vyama vyao vya kuwasemea. Tarehe zikipangwa tena, waitwe na waanika dagaa wa Katonga, Kibirizi na Bangwe, waitwe kabla ya tangazo, si baada yake. Waulizwe mambo matatu tu: marejesho ya mikopo yasimame vipi, ada na mahitaji ya Julai yalipwe na nani, na mwezi utakuwa wapi siku ziwa litakapofunguliwa. Swali la tatu ndilo rahisi kuliko yote. Tarehe 16 Agosti 2024 mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, na ulijaa siku tatu baadaye.